Benzi kwa bei ya Vitz: mwongozo kamili wa kupima gari kuukuu la kifahari kabla ya kulinunua Malindi

Pita Barabara ya Lamu hapa Malindi jioni yoyote, kisha shuka upande wa Casuarina, hutakosa kuliona moja: sedani ya Kijerumani rangi ya fedha, viti vya ngozi, karatasi yenye nambari ya simu imebandikwa kwenye kioo cha nyuma. Bei inayotajwa ni ya Vitz au Fielder iliyochoka. Watu husimama, hulizunguka, hupiga tairi teke, halafu huuliza bei ya mwisho.

Mimi ningeanza na swali jingine. Mwenye gari amelijua kwa miaka, mbona leo ameona heri laki sita mkononi kuliko gari hilo uani kwake? Wakati mwingine jibu ni safi kabisa: anahama, anasomesha, au umri umemfika hataki tena kuendesha. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye karatasi ya makadirio aliyopewa na fundi majuzi, na karatasi hiyo wewe hutaonyeshwa.

Gari hushuka bei, spea zake hazishuki nalo. Mercedes E-Class iliyouzwa kwa mamilioni ikiwa mpya, siku ikifika laki sita giaboksi yake bado ni ya gari la mamilioni. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu ya kutafuta: ni matengenezo gani yameahirishwa hadi yakuangukie wewe, na je, ukiwa Malindi utaweza kuyafanya. Hatua zote zinazofuata ni njia za kuyajua hayo kabla hujatoa hela.

Hatua ya kwanza: hesabu, ukiwa nyumbani

Piga hesabu kabla hujalikalia. Mlango wa Benzi ukishafungika kwa ule mlio wake mzito, akili huanza kutafuta sababu za kusema ndiyo.

Kanuni ninayoishika ni kwamba bei ya kununua isizidi theluthi mbili ya pesa ulizo nazo. Una laki tisa, tafuta gari la laki sita. Laki tatu zinazobaki ni za gari lilelile, ndani ya miezi 12 ya kwanza, na uzichukulie kama zimeshatumika. Kama hizo laki tatu zitatoka kwenye mkopo wa Sacco au zamu yako ya chama ambayo haijafika, basi huna, na bei unayoimudu ni ndogo kuliko unavyodhani.

Halafu mafuta. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako. Hapa nachukua Sh180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la silinda sita, kwa safari fupifupi za mjini na AC ikiwaka, likikupa kilomita 7 kwa lita ushukuru. Hizo ni lita 143, karibu Sh25,700. Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita itakunywea lita 67, Sh12,000. Tofauti ni zaidi ya Sh13,000 kila mwezi, yaani kama Sh165,000 kwa mwaka, na bado hujagusa spana.

Bima nayo uiulize mapema. Kampuni nyingi husita kulikatia gari la zamani bima kubwa, na ukibaki na thadi pati tu, gari likigongwa na tuktuk lisilojulikana lilikotoka, taa ya mbele ya xenon utainunua mwenyewe. Kuuza tena pia kuna shida yake: Probox hapa huuzika kabla ya adhuhuri, lakini sedani kuukuu ya lita tatu inaweza kukaa na karatasi kiooni kutoka kaskazi hadi kusi.

Hatua ya pili: chagua modeli, achana na nembo

Mtu hasemi "nataka Benzi" akaishia hapo. Ndani ya nembo moja kuna gari la kuishi nalo na gari la kukufilisi, na pengine yametofautiana miaka miwili tu.

Tuanze na Mercedes kwa sababu ndizo nyingi. W124, E-Class ile ya mraba iliyotengenezwa tangu 1984 hadi katikati ya miaka ya 90, ni gari ambalo fundi wa kawaida analielewa: chuma kizito, umeme kidogo. Jihadhari tu na zile za 1993 hadi 1995, kwani ganda la nyaya za injini la miaka hiyo hukauka na kumeguka kama ganda la njugu, na nyaya zikigusana injini huanza vituko visivyoeleweka. Iliyofuata, W210 ya macho ya mviringo, ina sifa mbaya ya kutu hata nchi zisizo na bahari. Kile kikombe kinachoshikilia springi ya mbele huliwa kwa ndani mpaka kikang'oka. Gari lenye udhaifu huo, likilala miaka kando ya Bahari Hindi, mimi silinunui hata liwe limepakwa rangi jana. Hasa likiwa limepakwa rangi jana.

W211, iliyoanza 2002, ndiyo inayowavuta watu wengi sasa. Zile za kabla ya marekebisho ya 2006 zina breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu kila mara inapofanya kazi, na ikifika kikomo chake dashibodi huwaka nyekundu na pampu hudai kubadilishwa. Baada ya marekebisho hayo breki zilirudi kuwa za kawaida, kwa hiyo ukiweza tafuta ya 2007 na kuendelea. Kwenye V6 za M272 za miaka ya mwanzo, kuna gia ndani ya injini, kwenye shafti ya mizani, ambayo meno yake huliwa, na kuibadilisha ni kushusha injini. E200 Kompressor yenye injini ya M271 isikilize cheni ya taimingi. Na kama gari lina saspensheni ya hewa, Airmatic, lihesabu kama gari jingine kabisa, lenye bei nyingine.

Kwa BMW, E46 (3 Series) na E39 (5 Series) za silinda sita ni magari matamu, na ugonjwa wao unajulikana: mfumo wa kupoza injini. Tangi la maji, viungo vya mabomba na shingo za rejeta ni plastiki, na plastiki iliyopikwa miaka 20 hupasuka bila hodi. Kwenye warithi wao, E60 (5 Series) na E90 (3 Series), zenye injini ya N52, pampu ya maji ni ya umeme. Haivuji kwanza ikakuonya, hukata tu, na ukiwa katikati ya Matsangoni na Kilifi saa saba mchana una dakika chache za kuzima injini. Silinda nne za N42 na N46 hutoa moshi wa bluu kwa sababu ya sili za vali. Dizeli ya N47 imewekewa cheni nyuma ya injini, kwa hiyo kuifikia mara nyingi ni kazi ya kuteremsha injini nzima.

Range Rover L322, Land Rover Discovery 3, S-Class W220, Cayenne ya V8 ya kizazi cha kwanza: haya nayapita upesi. Yote ni magari mazuri kwa mtu mwenye gari jingine la kwendea kazini.

Upande wa Wajapani ndiko ningempeleka ndugu yangu. Harrier ya kwanza ndiyo Lexus RX300 yenye nembo nyingine, kwa hiyo anayepata Lexus kwa bei nzuri hukuta nusu ya spea zake kwenye duka la kawaida la Toyota. Crown na Mark X pia, ingawa Mark X nyingi zimepitia mikono ya vijana wa mbio. Angalia kama saspensheni imekatwa na ekzosi imebadilishwa. Lexus LS ina V8 laini ajabu, lakini LS400 au LS430 usinunue bila ushahidi wa lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa.

Sasa ipime miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Gari la 2005 basi mwisho wake kuingia lilikuwa 2012. Muuzaji akikuambia limetoka Japani juzijuzi, ameshakuonyesha thamani ya maneno yake mengine. Gari la 2005 lenye namba inayoanza na KD, mfululizo ulioanza 2020, lazima lieleze lilikuwa wapi miaka yote hiyo. Huenda lilikuwa la ubalozi au shirika, likalipiwa ushuru baadaye. Huenda pia namba si yake.

Hatua ya tatu: fundi kwanza, gari baadaye

Malindi ina mafundi hodari wa Toyota, wa pikipiki na wa injini za boti. Fundi wa Benzi au BMW mwenye kompyuta yake halisi utamtafuta kwa kuulizia, na huenda ukaishia Mombasa, kilomita 120 kusini. Mtafute kabla ya gari. Usimuulize "unaweza kutengeneza BMW?", kwa sababu hakuna fundi wa pwani atakayekujibu hapana. Muulize ni BMW gani iliyo gerejini kwake leo, ina tatizo gani, na kompyuta yake inasoma modyuli zipi, yaani vijikompyuta vya ndani ya gari. Muombe mmiliki mmoja umpigie simu.

Ukiwa na modeli mkononi, piga simu za bei. Uliza rejeta, pampu ya maji, shokabu za mbele, kompresa ya AC, mikono ya chini ya saspensheni na bushi zake, na seti ya pedi na diski. Kwa kila kimoja uliza bei tatu: jenuini, ya kampuni nyingine inayoaminika, na mtumba kutoka Japani. Piga Mombasa, piga na Kirinyaga Road kule Nairobi. Spea ya Nairobi huletwa kama parseli kwa basi la usiku, kwa hiyo umbali si tatizo kubwa. Tatizo ni kupokea kilichokosewa, halafu urudishe na usubiri tena huku gari limeinuliwa juu ya mawe. Ndiyo maana uwe na nambari ya chesisi, tarakimu na herufi 17, kila unapouliza. Kwenye Mercedes za Ujerumani herufi za mwanzo WDB hufuatiwa na modeli yenyewe, kwa mfano WDB211. Nambari hiyohiyo ukiiingiza kwenye tovuti za kusoma chesisi itakueleza gari lilitoka kiwandani na vifaa gani, na kama lilikuwa na saspensheni ya hewa ambayo sasa imeondolewa kimyakimya.

Jumlisha bei hizo za kati. Jumla ikikaribia nusu ya bei ya gari, hiyo ndiyo hali ya kawaida, usishtuke. Ikizidi bei ya gari lenyewe, umepata jibu lako bila kutoka nyumbani.

Hatua ya nne: karatasi

Mwombe muuzaji namba ya gari na ufanye upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Utaona jina la mmiliki, modeli, mwaka, nambari ya chesisi na ya injini. Jina likiwa la mtu mmoja pamoja na benki au kampuni ya mikopo, gari lina deni na halihamishwi mpaka mkopeshaji aridhie. Pia tangu Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Zinazohamishika ya 2017, kuna rejista ya mali zilizowekwa rehani. Itafute huko nayo, maana si kila deni huandikwa kwenye logibuku.

Malindi kuna jambo la ziada. Wageni wengi wameishi hapa, na baadhi ya magari yaliingia nchini kwa msamaha wa ushuru kwa sababu ya kazi au hadhi ya mwenyewe. Gari la namna hiyo likiuzwa kwa mwananchi wa kawaida, ushuru hudaiwa. Ukiambiwa "hiyo tutamalizana baadaye", malizaneni kwanza.

Lipa kwa benki, kwa jina lililo kwenye logibuku, si kwa simu ya dalali. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake na wewe hukubali kwenye yako, kila mmoja na PIN yake ya KRA. Fanyeni mkiwa mmekaa pamoja mezani. Habari za "mwenyewe yuko Milano, atahamisha akirudi Disemba" ni nzuri kwa Disemba.

Hatua ya tano: kuliangalia, mara mbili

Nenda mara mbili: alfajiri injini ikiwa baridi, na tena saa saba mchana. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika ukakuta boneti ina joto, mtu ameficha kitu, ama betri dhaifu au injini inayokohoa ikiwa baridi.

Kabla ya kuliwasha, kama lina saspensheni ya hewa, chukua utepe wa kupimia. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Muombe muuzaji aliache limesimama usiku kucha sehemu tambarare. Kona moja ikilala chini kwa vidole viwili kuliko mwenzake, mfuko wa hewa unavuja, na kompresa imekuwa ikihangaika kuujaza kila asubuhi hadi nayo imechoka.

Fungua kifuniko cha maji ya rejeta na uangalie rangi. Maji ya kupoza yanapaswa kuwa na rangi ya dawa yake, buluu, waridi au kijani kulingana na aina. Hapa Malindi visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na wengi huyamwaga kwenye rejeta kwa sababu yapo karibu. Chovya kidole ndani ya shingo ya tangi: ukikuta tope la rangi ya chai, au maganda meupe makavu kwenye viungo vya mabomba, hayo maji yamekuwa yakila alumini ya hedi na ya pampu kwa miaka. Sitaki kusikia bei ya gari hilo.

Chomoa kijiti cha oili. Povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ni dalili ya maji kuingia, ingawa gari la safari fupi sana linaweza kuwa na unyevu kidogo hapo. Oili ya gia kwenye W210 na W211 za mwanzo itazame kwa makini, kwani baadhi ya rejeta zao hupasuka kwa ndani na maji ya kupoza yakaingia kwenye giaboksi. Oili ya gia yenye rangi ya juisi ya mapera na maziwa inamaanisha giaboksi mpya.

Kisha kutu, na hapa usiwe na haraka. Chumvi ya pwani haianzi pale unapoona. Lala chini na tochi, au likapandishwe gerejini: angalia sehemu za kuwekea jeki, mabomba ya breki yanayopita chini kuelekea nyuma, fremu ndogo inayoshikilia injini na ile ya nyuma, na ndani ya buti chini ya tairi la akiba. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilicholiwa humeguka. Gari lenye ndoano ya kuvutia trela liulize limevuta nini. Kama lilikuwa likishusha boti majini Watamu au hapa ufukweni, ekseli yake ya nyuma imeoga maji ya bahari, na breki za upande huo zikague mara mbili. Inua mikeka: unyevu chini ya zulia humaanisha mifereji ya maji imeziba majani ya mvinje, na kwenye Mercedes na BMW nyingi modyuli za umeme ziko chini ya hilo zulia.

Madalali wa hapa wana maneno yao: "Ndugu yangu, hili lilikuwa la Mtaliano, lilikuwa linaenda ufukweni na kurudi tu." Ndiyo shida yenyewe, kaka. Kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, injini haikupata joto kamili, na chumvi ilipata muda wote. Halafu mwenyewe alisafiri masika yote, gari likalala chini ya turubai. Gari lililolala hukwama kaliparo za breki, hukauka sili, na panya hula nyaya. Soma tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi zenye kashata (meno) nene lakini za zamani hivyo zinasema gari limesimama, na zinahitaji kubadilishwa hata kama zinaonekana mpya.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya airbag lazima ziwake kisha zizimike. Isiyowaka kabisa imechomolewa balbu au imefunikwa.

Uliza funguo mbili. Ufunguo wa pili wa Mercedes au BMW si wa kuchongesha sokoni. Huandikwa kwa kompyuta, na ukipoteza huo mmoja gari hupanda lori.

Mchana rudi kwa ajili ya AC. Liache linanguruma limesimama juani dakika 20, AC mwisho. Ikianza na baridi kisha ikalegea, au mshale wa joto la injini ukaanza kupanda, tatizo ni kompresa, feni au rejeta. Bila AC, gari la vioo vikubwa na ngozi nyeusi hapa Malindi ni tanuri.

Hatua ya sita: kompyuta

Kifaa kidogo cha bluetooth cha bei ya chini kinasoma injini tu. Gari la aina hii lina modyuli nyingi: gia, breki, airbag, saspensheni, AC. Lipia kupimwa kwa mashine inayozisoma zote. Muulize fundi kama kumbukumbu za makosa zimefutwa karibuni. Mashine huonyesha kama majaribio ya ndani ya gari hayajakamilika, na hilo hutokea betri ikichomolewa au makosa yakifutwa asubuhi hiyo. Kwenye magari mengi kilomita huandikwa pia kwenye modyuli nyingine mbali na dashibodi. Dashibodi ikisema 110,000 na modyuli ya gia 240,000, yaamini ya gia.

Muuzaji akikataa kupimwa ingawa unalipa wewe, agana naye vizuri uende zako.

Hatua ya saba: barabarani

Usizunguke mtaa mmoja ukarudi. Toka Malindi hadi Gede, pinda Watamu, urudi. Njia hiyo ina matuta ya kukupa sauti ya kila bushi, ina sehemu za kufika kilomita 80, na jua la kutosha.

Gari likiwa baridi, weka D ukiwa umekanyaga breki. Likichelewa kushika, au likiruka kwa kishindo, giaboksi ina neno. Ukiwa na mwendo wa 60 hadi 80 na mguu mwepesi, sikiliza mtetemo kama wa kupita juu ya kokoto ndogo: mara nyingi ni toki konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi, au oili ya gia iliyochoka. Muuzaji atakuambia oili hiyo haibadilishwi maisha yote. ZF, watengenezaji wa giaboksi za BMW nyingi, wao wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Pita tuta polepole kwa gurudumu moja, vioo vikiwa wazi na redio imezimwa. Mlio wa kugonga ni viungo, wa kulia ni bushi kavu. Achia usukani kidogo sehemu iliyonyooka uone kama gari linavuta upande. Funga breki kwa nguvu mara moja pasipo na gari nyuma. Ukirudi, liache linanguruma dakika kumi kisha kanyaga mafuta huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji.

Kama safari zako ni za kwenda Mokowe kupakia bidhaa za Lamu, hesabu yako ni ngumu zaidi. Lami ya Garsen na Witu iko, lakini ukikwama kati ya Minjila na Witu na sedani ya saspensheni ya hewa, hakuna wa kukusaidia ila lori la kukubeba. Na ukifika, gari utaliacha Mokowe tu. Kisiwani Lamu barabara ni za punda. Kwa njia hiyo nunua Toyota, hata kuukuu.

Hatua ya nane: bei

Kaa na orodha ya ulichokiona na bei ulizokusanya kwenye hatua ya tatu. Usimwambie muuzaji gari lake bovu, mwonyeshe orodha. "Mzee, shokabu mbili za mbele, pampu ya maji, tairi nne na kuhudumia gia. Hii ndiyo jumla." Toa jumla hiyo kwenye bei ya gari zima la aina hiyo, kisha toa tena kidogo kwa yale ambayo hayajaonekana. Akikataa, muachie nambari. Magari haya hayaondoki haraka, na msimu wa mvua ukianza simu hupigwa.

Yapo mambo ambayo bei haitibu: kutu kwenye fremu au mabomba ya breki, maji ndani ya giaboksi, injini iliyowahi kuchemka, karatasi zenye jina la mtu asiyepatikana. Hapo hata ukipewa kwa laki mbili utakuwa umenunua chuma cha kuegesha uani.

Kwa upande mwingine, silinda sita iliyotunzwa na mtu mmoja, mwenye risiti kwenye bahasha, mfumo wa maji umebadilishwa, haina kutu, na wewe una fundi, hela ya akiba na gari au pikipiki ya kukusogeza likiwa gerejini: chukua, na ufurahie barabara ya Kilifi.

Mwezi wa kwanza, kabla ya rimu mpya na redio, badilisha oili ya injini na ya gia pamoja na filta zake, maji ya kupoza kwa dawa sahihi na maji yaliyosafishwa, oili ya breki, mikanda, na kila bomba la mpira lililokakamaa. Badilisha tangi la plastiki na pampu ya maji hata kama hazijavuja bado. Kila wiki likipita karibu na bahari, lioshwe chini kwa maji baridi ya bomba, na likilala lilale upande wa bara wa nyumba, mbali na upepo wa kusi.